Waliokwenda Kumuaga Tajiri

Nyinyi vijana niliowaacha ofisini mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Asanteni kwa kunikumbusha kwamba nasahau. Habari za vyeo sitaziandika. Aliyepandishwa anajua, na asiyepandishwa anajua zaidi. Mshahara nao ulikuwa mshahara. Nitaandika habari ya watu waliokuwa wakipokonywa kiinua mgongo chao kwa sababu ya adabu njema, na ya mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliyekataa kupokonywa.

Nilifika ofisi ya kazi ya Tabora muda mfupi baada ya Uhuru, nikitokea upande wa Sikonge, kwenye familia ya wakulima Wamoravian. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa mpaka kola ikaungua kidogo. Nilitegemea kupewa meza, na kama Mungu amependa, meza iliyo karibu na dirisha. Nilipewa baiskeli. Aliyenikabidhi ni mkuu wangu wa kwanza, Bwana Pazi, Mzaramo mnene mwenye sauti ya mnadi, na kwa kuwa Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, hakungoja hata nikae.

"Babu zako walitembea kutoka hapa mpaka pwani na pembe za ndovu kichwani," alisema. "Wewe serikali imekupa magurudumu mawili, bado unanuna?"

"Na babu zako walikaa pwani wakitungoja watuuzie maji," nilimjibu.

Alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo tulielewana. Alinifundisha kazi yote ninayoijua, na alinifundisha kwa matusi ya utani ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu najua mtawasomea wake zenu.

La kwanza alilonifundisha ni kwamba mkaguzi wa kazi haingii kwenye karakana kama askari. Anashuka kwenye baiskeli nje, anaikokota, anasalimia. Anauliza habari za nyumbani, za shamba, za mvua. Akipewa maji anakunywa, hata kama ni ya uvuguvugu. Ndipo anauliza nani analala wapi, nani anafanya kazi tangu lini. La pili lilihusu mchanga wa Tabora: usiende Ng'ambo bila pampu, viraka na solusheni. Hili la pili nilijifunza kwa miguu yangu, nikikokota chombo cha serikali jua la saa nane huku watoto wakinishangilia. Watu walituita Bwana Kazi, sote, kama vile kulikuwa na Bwana Shamba na Bwana Afya. Ukisikia "Bwana Kazi amepita" ujue kuna tajiri mahali ameanza kutoa jasho.

Katika miaka hiyo ndipo sheria ya kiinua mgongo ilipotufikia. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, nasi tukawa tunaifafanua kwa Kiswahili viwandani na kwenye mabohari, tukiwa tumesimama juu ya makreti. Maana yake ilikuwa nyepesi: mtu aliyetumika mfululizo, akaachishwa kazi bila kosa, asiondoke mikono mitupu. Alipwe kwa kadiri ya alivyotumika. Watu walitusikiliza, kisha wakauliza kama ni kweli. Tukasema ni kweli. Nami kijana niliamini kwamba kumwambia mtu haki yake na kuipata ni kitu kimoja.

Sheria ilikuwa na matundu mawili. Kibarua wa kulipwa kwa siku hakuhesabiwa, hata kama siku zake zilifuatana miaka mingi. Na aliyeacha kazi kwa hiari yake hakupata kitu. Hilo la pili sikuliona kuwa tundu. Nililiona ni la haki kabisa: kama umeondoka mwenyewe, unadai nini?

Kesi yangu ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa ya Mzee Kasubi, mlinzi wa ghala la tumbaku. Tajiri wake alimwita akamwambia ghala linafungwa, kazi basi. Mzee akaja kwetu, nikamwandikia madai, tukaenda kwenye baraza la usuluhishi. Karani wa tajiri akasimama na kuuliza swali moja tu.

"Mzee Kasubi, ni kweli ulikuja nyumbani kwa tajiri, na kuku mkononi, ukaomba ruhusa ya kwenda kwenu?"

"Kweli kabisa," alisema mzee, tena kwa fahari. "Nilikwenda kumuaga."

Basi. Ameomba ruhusa mwenyewe, ameacha kazi mwenyewe. Madai yakatupwa. Salamu za kufungua kikao zilichukua muda mrefu kuliko kesi yenyewe. Tulipotoka nje Mzee Kasubi alinishika mkono akanishukuru kwa usumbufu nilioupata. Nilirudi ofisini nimekasirika.

Kwa wale mliotoka mikoa mingine, niwaeleze. Kwetu mtu haondoki mahali alipokula chumvi bila kuaga. Anaoga, anavaa nguo safi, anabeba kitu kidogo, kuku au karanga, anakwenda kwa mwenyeji wake. Anasema, "Tumekaa pamoja, kama nilikukosea nisamehe." Mwenyeji naye anaomba radhi. Kisha anayeondoka anaomba ruhusa. Wazee wa mji husema ni desturi ya tangu enzi za misafara, barabara ya Ujiji ilipokuwa imejaa wapagazi. Mpagazi aliyeaga aliitwa mtu, akapewa masurufu ya njiani, na milango ya kambi ilibaki wazi kwake. Aliyeondoka kimyakimya aliitwa mtoro, na jina hilo lilimtangulia kila alikokwenda. Hata leo mwambie mzee wa Tabora kwamba ameondoka kama mtoro, uone atakavyokutazama.

Kwa hiyo mfanyakazi akiambiwa kazi imekwisha, anarudi nyumbani kuoga, kisha anakwenda kumuaga mtu aliyemfukuza. Na makarani wa matajiri walikuwa wameligundua hilo kabla yetu. Nilipopekua mafaili ya nyuma nilikuta jibu lilelile, kesi baada ya kesi: aliaga, aliaga, aliaga.

Nilifanya nilichodhani ni busara. Niliandika tangazo kwa herufi kubwa: MFANYAKAZI ALIYEACHISHWA KAZI ASIENDE KUMUAGA TAJIRI. Nikalibandika mlangoni. Bwana Pazi alipofika alilisoma, akalibandua, akalikunja vizuri na kulitia mfukoni.

"Mtani, nani kakutuma ufundishe watu utovu wa adabu?"

"Mzee, wanapoteza haki yao."

"Naona. Kwa hiyo serikali yetu mpya iwaambie, ukitaka haki yako kwanza uwe mshenzi?"

"Tufanye nini basi?"

"Sheria ndiyo itafute watu walipo," alisema. "Wewe si una baiskeli? Anza kuisukuma huko."

Nilinuna wiki nzima. Lakini neno lake lilinikaa kichwani, na naweza kusema kazi yangu yote iliyofuata ilikuwa kuisukuma sheria kuelekea walipo watu. Ni nzito kuliko baiskeli, na haina kengele.

Tulianza na lile tundu la vibarua. Kila ripoti tuliyopeleka Dar es Salaam tuliitia mfano wa kibarua mwenye mvi. Sikuwa peke yangu. Wenzangu wa mikoa mingine walikuwa wanapiga kelele hiyohiyo. Baada ya muda maelekezo yalikuja: anayelipwa kwa siku lakini anafanya kazi ya kudumu bila kukatika, aangaliwe kama mfanyakazi wa kudumu. Yalisema "aangaliwe". Neno dogo, jembamba, ambalo wakili yeyote angeweza kulipita kwa mbali. Lakini tulikuwa na kitu cha kushika.

Ndipo alipokuja Bi Nyanzala.

Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mikono yake ina makovu meupe ya kuungua hadi kwenye viwiko. Alikuwa akifanya kazi kwenye ua wa Bwana Sefu, mfanyabiashara wa asali na nta pale Ng'ambo. Kazi ya nta ni ya moto na moshi. Masega yanaoshwa, yanachemshwa kwenye pipa, yanatiwa kwenye gunia la katani na kukamuliwa kwa magogo mawili, kisha nta inamiminwa kwenye kalibu ipoe. Bi Nyanzala alikuwa mkamuaji. Alianza kazi hiyo mumewe akiwa hai, na siku zote alilipwa jioni kwa jioni kama kibarua.

Azimio lilipotangazwa na ununuzi wa nta ukaanza kuhamia ushirika, Bwana Sefu alifunga ua. Akina mama wote waliondoka. Bi Nyanzala peke yake ndiye aliyekuja kwetu.

"Shikamoo mama," nilimwambia.

"Marahaba baba. Wewe ndiye Bwana Kazi? Nilidhani ni mtu mzima."

Nilimkaribisha akae, akaeleza. Shemeji yake kijijini alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba chumba kipo, aje akae, atapikia watoto. Yeye hakutaka. Alitaka kubaki Ng'ambo kwenye chumba chake cha kupanga, anunue sufuria kubwa na jiko, auze vitumbua na chai asubuhi. Bila kiinua mgongo, mwisho wa mwezi angefunga mzigo wake na kwenda kuwa mtu wa kupewa chakula.

"Nimekamua nta na mikono hii," alisema, akiinyoosha juu ya meza yangu. "Sitaki kwenda kuomba chumvi kwa mke wa shemeji."

Nilimuuliza lile swali. "Mama, ulikwenda kumuaga Bwana Sefu?"

Alinitazama kama niliyemuuliza kama huwa ananawa uso. "Nisimuage kwani mimi mtoro?"

Nilitamani kupiga meza. Badala yake nilimtuma tarishi chai.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Bwana Sefu, kwa baiskeli, nikashuka nje, nikasalimia. Nataka mjue hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mji hasa, kanzu safi, maneno laini, mtu wa kwanza msibani na wa mwisho kuondoka. Alinipa halua na kahawa. Alisema alimsitiri Nyanzala tangu alipofiwa, alimchukulia kama ndugu, na kwamba mambo ya serikali yameingia kati ya watu waliokuwa wanaheshimiana. Aliyaamini aliyoyasema. Matajiri wabaya ni rahisi. Wanaokutoa jasho ni hawa wema.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Wenye maduka wa Ng'ambo walikuja kumsindikiza Bwana Sefu. Akina mama wa ule ua walikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, wamejifunika khanga. Mwenyekiti alikuwa Bwana Luhende, mwalimu mstaafu Mkatoliki, mtu wa maneno machache. Bwana Pazi aliketi nyuma yangu akipumua kwa nguvu.

Karani wa Bwana Sefu alisimama na hoja zake mbili: mama huyu ni kibarua, na tena aliomba ruhusa mwenyewe, mashahidi wapo. Akamgeukia.

"Ulikuja kuaga, hukuja?"

"Nilikuja," alisema Bi Nyanzala. "Na karanga nilileta. Tuliombana radhi na Bwana Sefu, sina kinyongo naye."

Karani akakaa akitabasamu. Mwenyekiti akanitazama mimi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimejiandaa kusoma vifungu, na maelekezo yote ya Dar es Salaam nilikuwa nayo. Lakini kusikia "tuliombana radhi" kulinikumbusha jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa Tabora analijua, na ambalo hakuna kifungu kilichowahi kulitaja. Niliweka karatasi chini.

"Mzee Sefu," nilisema, "mama alipoomba ruhusa mara ya kwanza, ulimjibuje?"

Wenye maduka waligeuka kumtazama. Maana kwetu hakuna mwenyeji anayetoa ruhusa mara ya kwanza. Mgeni akiomba kwenda, anaambiwa ruhusa hakuna, kaa kwanza, chai iko jikoni. Anaomba tena, anazuiwa tena. Kumwachia mtu aondoke kwa ombi la kwanza ni kumwambia umechoka kumwona. Bwana Sefu aliielewa njia ninayompeleka, na angeweza kudanganya. Lakini alikuwa mtu wa swala, na majirani zake wote walikuwa wamekaa pale.

"Nilimwambia haya, kwa heri," alisema taratibu.

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

Minong'ono ilipita ukumbini. Mzee mmoja mwenye duka aliinamisha kichwa kana kwamba amefedheheka yeye. Na hapo Bwana Sefu, aliyestahimili kuitwa mdaiwa lakini hakustahimili kuonekana bahili, akasimama.

"Jamani, msinifanye mtu asiye na utu! Nyanzala hakuondoka kwangu mikono mitupu. Nilimpa gunia la mchele na doti ya khanga. Nilishavinunua tangu juzi yake, vimewekwa sebuleni kwangu vinamsubiri yeye. Muulizeni!"

"Kweli," alisema Bi Nyanzala. "Mchele ulikuwa mzuri."

Bwana Luhende aliweka kalamu mezani. "Tangu juzi yake," alirudia. "Bwana Sefu, ulijuaje kwamba mama huyu atakuja kuaga keshokutwa?"

Karani alimvuta tajiri wake kanzu, lakini alikuwa amechelewa.

"Nilikuwa nimemwambia kazi basi."

"Na vibarua wengine, wale wa kushusha mizigo siku za soko, huwa unawapa gunia la mchele wakienda?"

"Hapana. Wale ni wapita njia. Huyu ni mtu wangu miaka yote."

Nyuma yangu Bwana Pazi aliacha kupumua. Karani alijaribu la mwisho. Alisema kama ni hivyo basi mchele na khanga vihesabiwe ndiyo kiinua mgongo chenyewe. Mwenyekiti akamuuliza Bi Nyanzala anasemaje.

"Zawadi yake nimepokea na asante nimetoa," alisema. "Mchele nimeshakula, khanga nimeshavaa, na dua nimeshamwombea. Hii ya leo sikuomba zawadi. Nimekuja kuchukua kilicho changu."

Uamuzi ulikuwa mfupi. Aliachishwa kazi, hakuacha. Alikuwa mfanyakazi wa kudumu, tajiri wake amekiri mwenyewe. Kuaga ni adabu ya watu wa hapa na hakuwezi kumpotezea mtu haki yake. Alipwe. Bwana Sefu alikuwa wa kwanza kwenda kumpa mkono Bi Nyanzala, nami nilimheshimu kwa hilo, na alilipa bila kusukumwa.

Nilisimama pale kama mjinga, macho yananitoka machozi, na sioni aibu kuyaandika. Bwana Pazi alinigonga mgongoni. "Mnyamwezi leo umebeba mzigo ukafika," alisema, na hakunitania tena mpaka kesho yake.

Yaliyofuata mnayo wenyewe kwenye mafaili: jinsi tulivyotumia uamuzi ule kwenye kesi nyingine, tukishinda nyingi na kushindwa kadhaa; jinsi tulivyoendelea kudai mpaka wapishi na mayaya wa majumbani nao waangaliwe; jinsi watu walivyohamia vijijini na sisi tukawafuata huko kuchukua madai yao dhidi ya matajiri waliobaki mjini. Bado kuna watu ambao sheria haijawafikia. Mnawajua, mnapita mbele ya vibanda vyao mkija kazini. Sikuandika haya mnisifu. Nimeandika ili msije mkachoka mapema.

Lakini nimalizie na Jumatatu iliyofuata baada ya baraza lile. Nilifika ofisini nikakuta kibaraza chetu cha mbele kimejaa wanawake. Walikuwa wale wa ua wa nta, waliokaa karibu na mlango, na wengine sikuwajua: mpishi wa Cheyo, mfuaji wa Chemchem, bibi mmoja aliyepepeta mpunga kwa tajiri mmoja mpaka mgongo ukapinda. Wote walikuwa wameachishwa kazi na wote walikuwa wamenyamaza, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba walioaga hawana madai. Bwana Pazi alitoa benchi lake mwenyewe nje wakae.

Wa kwanza alikuwa yule bibi. Aliketi mbele ya meza yangu, akapanga khanga yake, akapokea shikamoo yangu. Nilichovya kalamu na kwa mazoea nikamuuliza lile swali, kama alikwenda kumuaga tajiri.

"Nilimuaga," alisema. "Na akinifukuza mwingine kesho, nitaoga, nitamuaga na huyo. Sasa wewe andika."

Niliandika.